KANAA YA NYUMBA: SOMO KUTOKA USHETU NA NCHI YA UNYAMWEZI

Ndugu msomaji, sisi watu wa pwani tuna mazoea ya kudhani kwamba kila kilicho kizuri katika mambo ya nyumba na mapishi kilitoka kwetu kikaenda bara. Twasema mkate ni wetu, pilau ni yetu, halua ni yetu, na kwamba watu wa bara walikuwa na ugali wao tu mpaka misafara yetu ilipowafikia. Neno hili lina ukweli ndani yake, lakini ni nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli aghalabu humpoteza mtu kuliko uwongo mtupu.

Leo twataka tutazame pamoja nawe jambo moja: nyumba hukinai kwa nini? Je, ni kwa wingi wa vitu viingiavyo mlangoni, au ni kwa kitu kingine? Wahenga wetu waliokwenda bara walilikabili suala hili miaka mia na zaidi iliyopita, na waliyoyaona yana mafunzo kwa kila mwenye jiko.

NCHI YENYEWE

Ushetu ni nchi iliyo katika Wilaya ya Kahama, Mkoa wa Shinyanga, upande wa kaskazini-magharibi ya Tabora. Zamani ilikuwa mojawapo ya nchi za watemi wa Kahama, na tangu mwaka 2012 ina halmashauri yake. Kusini yake iko Urambo, iliyokuwa makao ya Mtemi Mirambo. Na ukiendelea kaskazini wafika Geita, penye dhahabu. Wenyeji wake ni Wanyamwezi, Wasumbwa na Wasukuma, watu wa jembe na ng'ombe. Wazee wetu wa misafara waliziita nchi nyingi za huku kwa jina moja tu, Unyamwezi.

Safari ya kufika huko haikuwa ya mzaha. Mwingereza Burton, aliyefuata njia hiyo hiyo ya misafara, aliondoka pwani mwezi wa Juni 1857, akaingia Kaze, ndiyo Tabora, tarehe 7 Novemba. Miezi minne na zaidi! Basi fikiri, ewe msomaji, mtu aliyezoea mkate wa asubuhi na kahawa yake angeishije mahali ambapo kila ratili ya sukari huja juu ya bega la mpagazi?

MPISHI WA HALUA ALIYEKUWA TAJIRI

Burton na mwenzake Speke walipofika Kaze walipokewa na Sheikh Snay bin Amir, Mharthi wa Oman. Burton ametaja habari moja ya ajabu juu yake, nayo ni kwamba alianza maisha yake mjini Maskati kwa kazi ya kupika vitu vitamu, na kwa muda wa miaka 16 akawa miongoni mwa matajiri wakubwa wa biashara ya pembe na ya watumwa. Alikuwa mtu mkarimu, mpenda vitabu, na mwenye kuzijua lugha za wenyeji.

Lau tungeishia hapa, ingekuwa ni hadithi ya mtu aliyefanikiwa. Lakini mwaka 1861, Speke aliporudi Unyamwezi, alikuta vita kati ya wafanyabiashara na Mtemi Manwa Sera wa Unyanyembe, vita vilivyoanza kwa ugomvi wa ushuru wa bidhaa. Katika vita hivyo Snay aliuawa. Sisi hatumhukumu, kwani hukumu ni ya Mwenyezi Mungu peke yake. Twasema tu kwamba sufuria ya halua haikumtosha, na pembe za Unyamwezi nzima pia hazikumtosha. Na hili si la Snay peke yake. Ni la kila mmoja wetu ambaye akipata kumi hutaka ishirini, na akipata ishirini husahau kwamba aliwahi kuomba kumi.

BUSTANI ZA TABORA

Miaka 10 baadaye, mwaka 1871, alikuja Stanley akimtafuta Livingstone. Yeye ameeleza kwa urefu jinsi wageni wa pwani na wa Oman walivyoishi. Kutoka pwani waliletewa chai, kahawa, sukari na viungo. Lakini hivyo havikuwa ndivyo vilivyowalisha. Pembeni mwa matembe yao walipanda ngano kidogo kwa mkate wa nyumbani. Wakapanda michungwa, milimau, mipapai na miembe. Wakawa na vitunguu maji na vitunguu saumu, pilipili, matango, nyanya na bilingani. Na katika mashamba ya nchi ulipatikana mpunga, viazi vitamu, mihogo, mtama, mahindi, ufuta, uwele na choroko, tena kwa bei rahisi.

Mwaka huo huo njia ya Ujiji ilifungwa kwa vita vya Mirambo. Vita vikafika Tabora yenyewe, na Khamis bin Abdallah, mmoja wa wakubwa wa wageni wale, akauawa. Mzigo wa pwani hutegemea amani ya njia nzima, na akiba ya sukari huisha. Lakini kitunguu kilichopandwa nyuma ya nyumba hakimngojei mpagazi, wala hakiulizi habari za vita vya mbali. Hii ndiyo faida ya kwanza ya bustani ya jikoni: humpunguzia mwenye nyumba idadi ya watu anaowategemea.

NANI ALIYEISHIKA JEMBE?

Hapa, ndugu msomaji, yatupasa tusimame kidogo tuseme kweli, hata kama ni chungu. Nyingi za bustani hizo hazikulimwa na wenyewe. Zililimwa na watumwa, wanaume na wanawake waliotolewa makwao kwa nguvu, na mikononi mwao ndimo mlimopita ngano ile tangu kupandwa mpaka kusagwa. Hali hiyo iliendelea muda mrefu. Tanganyika nzima haikupata sheria ya kuufuta kabisa utumwa ila mwaka 1922.

Je, nyumba kama hiyo twaweza kusema ilikuwa na kanaa? Mkate ulikuwako, lakini kanaa ni jambo jingine. Kanaa ni mtu kutosheka na kile alichokipata kwa haki, na asiyetosheka na nguvu za mikono yake mpaka atwae na mikono ya wenzake, huyo hajakinai.

Tukumbuke habari mashuhuri ya Bibi Fatima, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake. Alikuwa akisaga nafaka kwa mkono mpaka viganja vikaota sugu, akaenda kwa baba yake, Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, kuomba mtumishi. Hakupewa mtumishi. Alifundishwa kumtakasa Mola wake, kumhimidi na kumtukuza kabla ya kulala, akaambiwa kwamba hayo ni bora kwake kuliko mtumishi. Naye aliridhika, akarudi kwenye jiwe lake la kusagia. Na baba yake mwenyewe, aliyekuwa kiongozi wa umma, alikuwa akisaidia kazi za nyumbani, akishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake. Basi mume asomaye maneno haya asidhani kwamba bustani na jiko ni mambo ya mkewe peke yake.

WENYEJI WALIJUA NINI?

Sasa tuirudie ile nusu ya ukweli iliyoachwa. Wageni walipofika Unyamwezi hawakukuta njaa wala ujinga. Walikuta watu wanaolima kwa matuta, wakizifukia nyasi chini ya tuta ili zioze na kuwa mbolea. Walikuta nguo za pamba zikifumwa vijijini. Walikuta majembe ya chuma yaliyofuliwa na wahunzi, wakiwemo Warongo wa Uzinza, katika nchi hizo hizo za Geita ambazo leo zasifika kwa dhahabu. Na wapagazi wa Kinyamwezi, waliobeba mizigo ya biashara yote hii, walikuwa wakiupenda msimu wa kiangazi kwa safari, na mvua zilipokaribia nyoyo zao zilikuwa nyumbani, kwenye shamba. Mshahara wa msafara waliutaka, lakini jembe hawakuliacha.

Zaidi ya yote, wenyeji walijua akiba. Nafaka waliitia katika vihenge. Viazi vitamu, ambavyo huoza upesi, mama wa Kinyamwezi na wa Kisukuma aliviondolea maradhi hayo kwa jua tu: akivimenya na kuvikata vibichi vipande vyembamba na kuvianika, hupata michembe, akivichemsha kwanza ndipo akavikata na kuvianika, hupata matobolwa. Kiangazi kikifika, michembe hupikwa kwa karanga, na watoto huila kwa furaha. Majani ya kunde nayo huchemshwa yakakaushwa, wao huyaita nsansa, yakawekwa kwa siku ambazo bustani ni kavu. Chakula chao huungwa kwa karanga, nacho huwa kitamu.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huenda sisi twaifahamu methali hii kuwa ni ya kumfukuza mgeni kwa adabu. Lakini huko bara maana yake ilikuwa wazi zaidi: mgeni aliyepewa jembe amekuwa mwenyeji, kwa sababu sasa anakula kilichotoka katika ardhi ile ile. Mwembe na mpunga vilifuatana na misafara kutoka pwani, nao wageni walijifunza kula mtama na viazi vya wenyeji. Huko ndiko kupeana, na hakuna upande uliokuwa mwalimu tu au mwanafunzi tu.

DHAHABU NA JEMBE

Watu wa leo watasema: hayo ni ya zamani, siku hizi huko kuna dhahabu. Kweli, iko. Mgodi wa Geita ulianza kazi mwaka 1936, ukawa mkubwa, na mwaka 1966 ukafungwa. Mgodi mpya ukafunguliwa mwaka 2000. Kahama nayo ikapata Bulyanhulu mwaka 2001, na Buzwagi mwaka 2009. Na Buzwagi uchimbaji wake ulikoma mwaka 2021. Hatusemi kwamba dhahabu ni mbaya, kwani ni neema miongoni mwa neema. Twasema kwamba mgodi una siku ya kufungwa, na mtu aliyezoea kununua kila kitu, hata kichala cha mchicha, siku hiyo humkuta mikono mitupu.

Shinyanga yenyewe imetufundisha jambo jingine. Miti yake ilikatwa hata nchi ikawa wazi, na kuni zikawa shida kwa mama wa nyumbani. Mwaka 1986 ulianzishwa mpango uitwao HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga. Mpango huo haukuleta elimu ngeni. Ulifufua desturi ya Wasukuma iitwayo ngitili, ya kutenga sehemu ya malisho isiguswe mpaka wakati wa dhiki. Kwa kutenga tu na kusubiri, mamia ya maelfu ya hekta yalirudia kumea. Hiyo ndiyo kanaa iliyofanywa na nchi nzima: kujizuia leo ili kesho isiwe na aibu.

NA NYUMBANI KWETU JE?

Wazee wa Tanzania wanaikumbuka miaka ya mwanzo ya 1980, unga wa ngano na sukari vilipokuwa vya kupangiwa foleni. Nyumba iliyojua boflo la dukani tu ilihuzunika. Nyumba ambayo bibi alijua kuoka mofa kwa unga wa mtama katika tanuri la udongo, au kuroweka mchele usiku na kuutwanga, akaumimina na kupalia makaa juu ya kifuniko, nyumba hiyo ilikunywa chai yake, hata kama ilikuwa ya rangi, kwa mkate wake. Elimu iliyoko mikononi haipandi bei.

Basi, ewe mama wa nyumba, na wewe baba pia, hatukuambii uukimbie mji wala uchukie maendeleo. Twakuomba machache. Maji yaliyooshea mchele usiyamwage njiani. Yapo mabamia na mchicha vinavyoyataka, hata kama ardhi yako ni kopo bovu lililojazwa udongo. Wafundishe wanao, wa kike na wa kiume, kuoka mkate mmoja angalau kwa nafaka iotayo katika nchi yetu. Mwaka wa neema, anika na uweke. Na kama unaye mtumishi jikoni, mpe haki yake kwa wakati na mlishe ulacho, wala usimbebeshe asichokiweza. Kwani tumeona kwamba bustani nzuri inayomwagiwa jasho la aliyedhulumiwa haimletei mwenyewe raha.

Mtume wetu ametufundisha kwamba utajiri wa kweli ni wa nafsi, si wa wingi wa mali. Na kwamba Mwislamu apandaye mti, kisha akala katika mti huo mtu au ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Basi papai la nyuma ya nyumba yako ni chakula cha wanao, na ndege akidonoa, ni akiba yako ya Akhera.

Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali, nyoyo za kutosheka, na mikono isiyoona haya kushika jembe. Amin.