Rangi ya Ndani ya Ndege za Rufiji

Gerezani ni jina lenye matabaka, mithili ya ubao uliopakwa rangi mara nyingi. Neno gereza hurudishwa na wanaisimu kwenye Kireno, ambako asili yake ni kanisa. Lilipofika pwani likawa ngome, na hatimaye kifungo. Ngome ya Yesu ya Mombasa, ambayo Waingereza waliifanya jela tangu 1895 hadi 1958, imeyaona mageuzi hayo yote ndani ya kuta zake. Jirani na Gerezani ya Dar es Salaam ipo Kariakoo, nayo ni Carrier Corps iliyopitishwa katika ulimi wa Mswahili: kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, waliopigishwa kambi hapo baada ya mji kutekwa na Waingereza mwezi wa Septemba 1916.

Mafundi wa kupaka magari katika mitaa ya namna hii wana elimu isiyoandikwa. Fundi hapaki gari zima kwa kuamini maandishi ya kopo. Hupaka kipande, akangoja kikauke, akakitazama juani, kwani rangi mbichi ni mwongo. Akitaka kujua gari lilitoka kiwandani na rangi gani, haangalii boneti iliyochomwa na jua miaka kumi. Huufungua mlango, akaubandua mpira, akatazama pale ambapo mwanga haukufika. Rangi ya ndani ndiyo shahidi.

Shahidi huyo huyo ndiye anayetafutwa na watengenezaji wa vielelezo vya ndege za kivita, vile vidogo vya kipimo cha 1 kwa 72 au 1 kwa 48. Umbo la bawa hupatikana katika michoro, na alama za nje katika picha. Chumba cha rubani ndicho kinachowatesa: kuta zake zilikuwa za rangi gani siku ile ndege iliporuka? Wapo wanaoliona jambo hili kuwa mchezo wa watoto wakubwa. Lakini swali ni la historia, na pwani yetu ina kesi yake.

Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliishambulia Pegasus ya Waingereza katika bandari ya Unguja na kuizamisha, kisha ikaenda kujificha katika vijito vya mikoko vya delta ya Rufiji. Meli kubwa za Waingereza hazikuweza kuingia humo, na aliyekuwa baharini hakuweza kuona kilichokuwa nyuma ya mikoko. Ndipo ilipoitwa ndege. Ya kwanza ilikuwa ya kutua majini, aina ya Curtiss, ya rubani wa kiraia H. D. Cutler aliyetolewa Durban. Iliwekwa Nyororo, kisiwa kidogo cha upande wa Mafia, na rejeta yake ilipoharibika ilibidi itafutwe ya motokaa ya Ford kutoka Mombasa. Fundi wa Gerezani hatashangaa. Anayetengeneza kielelezo cha ndege hiyo, hata hivyo, ana mtihani: kitabu cha kiwanda hakitamwambia kitu juu ya rejeta ya motokaa. Mwezi wa Desemba Cutler alianguka mikononi mwa Wajerumani.

Mwanzoni mwa 1915, baada ya Waingereza kuiteka Mafia, zililetwa Sopwith mbili. Joto na unyevu vilizishinda. Mbao zilipinda na gundi ikaachia. Zikafuata ndege za Short, na mwezi wa Aprili rubani John Cull alifanikiwa kuileta picha ya Königsberg. Hatimaye zikaja Caudron na Henri Farman za kuruka kutoka ardhini, zikatengenezewa kiwanja Mafia. Tarehe 11 Julai 1915 ndege hizo ziliziongoza shabaha za meli za mizinga Severn na Mersey, na Königsberg ikaangamia. Mizinga yake iliopolewa na kupelekwa Dar es Salaam, ikapigana nchi kavu; mmoja upo Ngome ya Yesu.

Sasa ndani ya ndege hizo mlikuwa na rangi gani? Jibu la kweli huwakatisha tamaa wenye makopo mengi: kwa sehemu kubwa, hamkuwa na rangi. Mlikuwa na mbao zilizopakwa vanishi, nyaya za chuma, shaba, ngozi, na kitambaa cha kitani kilichokazwa kwa dawa ya selulosi isiyo na rangi. Kitani hicho kilipitisha mwanga, hivyo rubani alikaa katika nuru ya manjano hafifu, kama aliye ndani ya tanga jua likiwa upande wa pili. Ile rangi ya Kiingereza iitwayo PC10, ya hudhurungi iliyochanganywa udongo wa manjano na masizi, ilianza kuenea 1916. Kazi yake haikuwa kuficha tu, bali pia kukikinga kitani na jua. Mwenye jahazi analielewa hilo upesi: deheni na sifa hazipakwi chomboni kwa urembo. Anayeipaka ndege ya Rufiji ya 1915 kwa PC10 ameivalisha nguo ya mwaka mwingine.

Picha za zama zile nazo ni za kutahadhari. Filamu nyingi hazikuihisi rangi nyekundu, na manjano zilikuwa zikiifanya nzito, ilhali buluu ilitoka nyeupe. Kitani cha rangi ya samli huweza kuonekana humo cheusi kuliko kilivyokuwa. Hata kipande halisi kilichohifadhiwa hubadilika, maana vanishi huiva na miaka.

Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vimeleta fumbo jingine. MiG-21 za Kisovieti, ambazo Uganda na Tanzania zote zilikuwa nazo, zilipakwa ndani kijani cha kuelekea buluu, kama maji ya kina kifupi juu ya mchanga mweupe. Na katikati ya ubao wa saa ulipita mstari mweupe wa wima. Ndege ikianza kuzunguka na kuporomoka, rubani aliyeduwaa alipaswa kuusukuma usukani kuelekea mstari huo. Kuusahau mstari kwenye kielelezo ni kosa kubwa kuliko kukosea kijani, kwa kuwa kijani chenyewe kilitofautiana kiwanda kwa kiwanda, na karakana ikikipaka upya hubadilika tena.

Wapagazi walioacha jina Kariakoo walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa kuliko risasi. Rangi ya kitani cha Caudron imepata watafiti wake, wanaobishana juu ya tone la manjano. Nguo walizovaa wapagazi, na magunia waliyobeba kichwani, bado hazijapata mtu wa kuzibishania hivyo.