Shule ya Marubani Iliyobaki Ng'ambo

Huku kwetu Marachi tunajua mpaka ni foleni ya trela. Lakini mwaka 1977 uligawa hata ujuzi wa ndege.

Kabla ya hapo, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imegawana kazi. Karakana kuu ya East African Airways ilikuwa Embakasi, Nairobi. Shule ya marubani na mafundi ikafunguliwa Soroti, Uganda, 1971. Soroti ni mji wa Wateso, ndugu za majirani zetu wa Malaba. Unapita Tororo, Mbale, umefika.

Jumuiya ikavunjika. Super VC10 nne zikarudi Uingereza, jeshi likazigeuza za kujazia ndege nyingine mafuta angani. Hizo mimi sizililii. Kenya ilibaki na karakana, Uganda na shule, Tanzania ikaanzisha Air Tanzania bila mojawapo. Sasa fundi amfundishe nani, wapi?

Jumuiya ilifufuka 2000, na 2007 ikaunda CASSOA, ofisi yake Entebbe, kusimamia usalama wa anga kwa pamoja. Soroti bado ipo. Ila vijana ninaowajua hapa, ukiwauliza urubani unasomewa wapi, watakutajia Wilson, Nairobi, umbali zaidi ya mara mbili.