Jiwe la Kombeo na Hati ya Kuzaliwa

Katika nchi ya Embu, hasa upande wa Mbeere ulimwamo mtama na uwele, watoto wa zamani walipewa kazi ya kufukuza ndege mashambani. Silaha yao ilikuwa kombeo na jiwe. Aliyemaliza misimu miwili au mitatu katika kazi hiyo alijua kutupa mbali na kulenga barabara, na hakuna mwalimu aliyemfundisha. Kisha shule zikaleta raundasi: mmoja hurusha mpira, mwenziwe huupiga kwa gongo na kukimbia akivizunguka vituo.

Besiboli, mchezo upendwao mno Marekani, ni ndugu wa raundasi, ila mpira wake ni mgumu na uwanja wake ni mpana zaidi. Mkono wa mrushaji nao hauna budi kutunzwa, maana mtoto akirusha kupita kiasi huumia kiwiko au bega. Kwa ajili hiyo chama cha Little League, kilichoanzishwa mwaka 1939 katika mji wa Williamsport, huweka mpaka: mtoto wa miaka 11 au 12 asirushe zaidi ya mara 85 kwa siku. Mwalimu wa mchezo huu, basi, ni mtu wa kuhesabu.

Tena hana budi kuhesabu miaka. Katika Afrika Mashariki waliolijua jambo hili kwa uchungu ni jirani zetu Waganda. Mwaka 2011 watoto wa Kampala walikwenda Kutno, Poland, wakaishinda timu ya Saudi Arabia, wakapata haki ya kucheza fainali za dunia huko Williamsport. Hapakuwa na timu ya Afrika iliyopata haki hiyo kabla yao. Lakini maafisa wa Marekani walikataa kuwapa viza, kwa kuwa habari za umri na kuzaliwa kwa baadhi yao hazikupatana. Timu waliyoishinda ikaenda badala yao.

Wako waliosema kwamba huo ulikuwa udanganyifu tu. Mimi naona neno hilo halitoshi. Katika vijiji vyetu vya Embu pia, wazee wengi walihesabu kuzaliwa kwa mtoto kwa mwaka wa njaa, au wa nzige, au kwa rika lililotahiriwa. Tarehe iliandikwa baadaye, siku shule ilipoidai. Mtu wa ofisini hawezi kuipima hesabu ya namna hiyo. Hata hivyo sheria ya umri ni ya haki, maana kijana wa miaka 15 akimrushia mpira mtoto wa miaka 12 si mchezo tena.

Watoto wa Langley, Kanada, ambao wangecheza na Waganda, walisafiri mpaka Uganda Januari 2012 ili mchezo ule uchezwe. Wenyeji walishinda, 2 kwa 1.

Mwaka huohuo timu ya Lugazi ilifika Williamsport. Ilifungwa na Panama 9 kwa 3, ikafungwa na Meksiko 12 kwa 0, kisha ikawashinda Wamarekani wa Oregon 3 kwa 2 katika mchezo wa kufariji. Mwaka 2015 Waganda wengine waliishinda Jamhuri ya Dominika 4 kwa 1 katika mashindano yenyewe. Wale wa 2011 walikuwa wamekwisha kuupita umri wa kucheza.