Mbwa Mtoro na Kamba ya Xenophon

Jamaa akikwambia kwamba dawa ya mbwa mtoro ni mnyororo mzito, usibishane naye. Mwulize tu: amewahi kuona wapi chuma kikimfundisha mbwa kurudi? Mitaani kwetu mbwa wengi hufungwa mchana kutwa, usiku wakafunguliwa walinde nyumba. Siku geti likisahauliwa wazi, huyoo, mbio kama mfungwa aliyevunja jela. Halafu tunasema hana akili! Na mbwa mtoro mjini hana maisha marefu: kama si gari ni sumu, kama si sumu ni mawe ya watoto wanaoogopa kichaa cha mbwa.

Shida hii ni kongwe. Huko Shuwaymis, kaskazini-magharibi mwa Saudi Arabia, kuna michoro kwenye miamba inayoonyesha wawindaji na makundi ya mbwa wao. Watafiti walioieleza mwaka 2017 wanaikadiria kuwa na umri wa miaka 8,000 hivi. Baadhi ya mbwa hao wana mstari unaotoka shingoni hadi kiunoni mwa mwindaji, na watafiti wanaona huenda ni kamba. Wenzao katika kundi hilohilo hawana kitu. Mimi naisoma hivi: hata zama hizo kulikuwa na mbwa wa kuachiwa na mbwa wa kushikiliwa.

Ila mtu ninayetaka umjue, msomaji, ni Xenophon wa Athens. Huyu bwana alikuwa askari. Mwaka 401 Kabla ya Kristo yeye na maelfu ya Wagiriki wenzake walikwama karibu na Babeli, viongozi wao wakauawa, naye akawa mmoja wa waliowaongoza kurudi mpaka baharini. Mji wake ukamfukuza baadaye, akaishi shambani karibu na Olympia. Kati ya vitabu vyenye jina lake kuna kimoja cha uwindaji wa sungura kwa mbwa na nyavu. Kwa mtu aliyehangaika hivyo kuwarudisha watu kwao, sishangai kuona alivyohangaikia mbwa wanaopotea.

Hebu tazama vifaa vyake. Mkanda wa shingo uwe laini na mpana, usichubue manyoya. Kamba iwe na kitanzi cha mkono, basi, na isishonwe pamoja na mkanda, kwa sababu hapo mbwa hashikiki vizuri. Mwilini kuna mkanda mwingine wenye miba midogo. Usidhani ni wa kumtesa. Ni wa kuwazuia madume wa mitaani wasiharibu kizazi!

Kisha mafunzo. Mbwa mchanga asiachiwe mbio siku ya kwanza. Afungwe kamba ndefu, awafuate wakubwa wanaonusa njia. Jina liwe fupi, liitike upesi mdomoni. Anaorodhesha majina zaidi ya 40: Psyche, yaani Roho, Chara, yaani Furaha, Bia, yaani Nguvu (usicheke, si ile ya chupa). Chakula cha mbwa wachanga akitoe mwindaji mwenyewe, maana mbwa akishikwa na njaa hajui nani wa kulaumiwa, ila anamjua na kumpenda anayemlisha. Na jioni walishwe pale nyavu zinapokunjwa, ili mgeni aliyepotea porini ajue pa kurudi.

Soma tena hilo la mwisho. Mbwa harudi kwa kuvutwa. Anarudi kwa kuwa kuna kitu kinachomngoja.

Cha kushangaza, elimu hii ilififia. Mwaka 1910 Mjerumani Konrad Most, ofisa wa polisi, alitoa kitabu cha mafunzo kilichosomwa sana. Kusifu mbwa kumo, lakini mkanda wa miba na kiboko navyo vimo. Majeshi yakaupenda mtindo huo. Leo walimu wengi wa mbwa wamerudi kwa yule mzee: kamba ndefu, ifungwe kwenye mkanda wa kifuani ili shingo isivunjike akikurupuka, jina, kipande cha nyama, na akirudi hata kwa kuchelewa, asipigwe. Ukimpiga umemfundisha nini? Kwamba kurudi ni hatari.

Miaka zaidi ya 450 baada ya Xenophon kufa, Mgiriki mwingine, Arrian, aliandika kitabu chake cha uwindaji ili kujazia yale ambayo mtangulizi wake hakuyafahamu. Alikuwa na mbwa jike aitwaye Horme, jina la mwisho kwenye orodha ya Xenophon. Arrian anasema wakirudi nyumbani kutoka mazoezini, Horme alitangulia mbele bila kushikwa, na kila mara aligeuka kuangalia kama bwana wake hajaiacha njia.