Manamba Walikuwa na Namba, Dada wa Kazi Je?

Waulize wazee wa Iramba au Ikungi maana ya "kwenda manamba". Watakusimulia habari za vijana wa kiume waliotoka Singida enzi za Mwingereza kwenda kukata mkonge Tanga. Neno lenyewe limetokana na namba aliyopewa kila mfanyakazi. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha SILABU, ofisi ya kuandikisha watu na kuwasafirisha, na Wanyaturu na Wanyiramba walikuwa miongoni mwa walioandikishwa.

Usije ukadhani yalikuwa maisha mazuri. Sheria ya mabwana na watumishi ya 1923 ilimhesabu aliyetoroka kazi kuwa mhalifu. Lakini safari yake ilikuwa na karatasi: jina, mkataba, na kadi ya siku 30 iliyoitwa kipande. Akidhulumiwa, alikuwa na kitu cha kuonyesha.

Sasa tuje kwa wajukuu wao wa kike. Watu wengi huamini kazi za ndani zilikuwa za wanawake tangu zamani. Hapana. Dar es Salaam ya kikoloni, aliyepika, kufua na kupiga pasi kwenye nyumba za Wazungu alikuwa mwanamume, na aliitwa "boi" hata akiwa na wajukuu. Walikuwa na chama chao, na Desemba 1956 wao na wenzao wa hotelini waligoma. Baada ya uhuru mambo yakageuka taratibu. Wanaume wakatafuta kazi nyingine, wanawake wa mjini wakaingia maofisini na kwenye biashara, na jikoni akabaki binti aliyetoka Singida, Dodoma au Iringa. Mtaani wakambandika jina la beki tatu.

Huyu hakuandikishwa na SILABU yoyote. Mara nyingi ni shangazi au jirani tu amepiga simu: kuna mama mmoja Dar anatafuta msichana. Mwaka ambao mvua imekata na uwele umekauka shambani, simu kama hiyo ni ngumu kuikataa. Mkataba ni maneno ya watu wazima wawili, na kwenye mazungumzo hayo binti mwenyewe hayupo.

Je, sheria imemsahau? Kwa maandishi, hapana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na mfanyakazi wa ndani anahesabika humo kama mfanyakazi mwingine. Amri ya mishahara ya 2013 ilimwekea kima cha chini cha shilingi 40,000 kwa mwezi akilala kwa mwajiri, na 80,000 asipolala. Yaani kitanda na ugali vilihesabiwa kuwa sehemu ya malipo. Kwa maoni yangu hesabu hiyo ina kasoro kubwa, maana kitanda hicho hicho ndicho kinachofanya aitwe saa kumi na moja alfajiri na saa tano usiku.

Kwenye afya ndipo pengo linapoonekana zaidi. Sheria inampa mwanamke mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au 100 akijifungua pacha. Lakini dada wa kazi akipata ujauzito, mara nyingi anachopewa ni nauli ya basi la kurudi Singida.

Hata hapo sheria ina kifungu kizuri kisichojulikana sana, cha 15: mwajiri asipoweza kuonyesha mkataba wa maandishi, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi unakuwa wake. Kwa hiyo kukosa karatasi hakumnyimi binti haki ya kulalamika. Malalamiko ya kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30, na kwa kawaida kwenye ofisi ya eneo ambako mgogoro ulitokea. Wakati huo yeye yuko kwao Mkalama, mjamzito, na ofisi hiyo iko Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 700.