Mbawakawa Waliokufa Wakaigiza

Ukiuliza sanaa ya kumfanya kikaragosi atembee kwenye filamu ilianzia wapi, wengi watakutajia King Kong, sokwe wa Hollywood wa mwaka 1933. Njia ya zamani zaidi inapita Kaunas, mji wa Lithuania uliokuwa chini ya dola ya Urusi, na ndani ya jumba la makumbusho ya viumbe.

Huko alifanya kazi Władysław Starewicz, aliyezaliwa Moscow mwaka 1882 kwa wazazi wenye asili ya Poland. Mwaka 1910 alitaka kunasa kwenye filamu mbawakawa dume, wale wenye taya kama pembe za kulungu, wakipigania jike. Tatizo ni kwamba wadudu hao hupigana usiku. Kamera nayo ilitaka mwanga mkali, na taa zilipowashwa tu, mabondia wakatulia tuli.

Starewicz alikuwa amekwisha kuona filamu fupi ya Mfaransa Émile Cohl ya mwaka 1908, ambamo njiti za kiberiti zinajichezea zenyewe. Basi akachukua mbawakawa waliokufa, akawang'oa miguu na taya, akavirudishia kwa nta na waya ili vikunjike. Anasogeza mguu kidogo, anapiga picha moja. Anausogeza tena, anapiga nyingine. Filamu za wakati huo zilikwenda kwa picha 16 hivi kwa sekunde, kwa hiyo dakika moja ya ugomvi ilidai karibu picha elfu moja. Kwa maoni yangu, hapa ndipo alipowazidi wenzake waliotumia kamera kwa mazingaombwe: yeye alikuwa anatafuta ukweli wa mdudu, akaishia kwenye uongo mtamu.

Mtayarishaji wa Moscow, Aleksandr Khanzhonkov, akamkaribisha kwenye studio yake. Inasimuliwa kwamba filamu zake zilipofika London, kuna waandishi walioamini kuwa wadudu wale wamefunzwa na mtaalamu wa Kirusi.

Kazi ya kuitazama hadi leo ni ile ya mwaka 1912 kuhusu kisasi cha mpiga picha. Bwana Mbawakawa anakwenda mjini kumfuata kereng'ende mcheza dansi. Panzi aliyenyang'anywa mchumba ana kamera. Anapanda baiskeli, anawafuata hotelini, anawapiga picha kupitia tundu la ufunguo. Nyumbani, mke naye ana hawara wake, msanii, ambaye mume anaporudi anakimbilia kwenye bomba la moshi. Mume anajifanya amemsamehe mkewe, anampeleka sinema. Kumbe anayeonyesha filamu ni yule panzi! Mke anamwona mumewe kwenye pazia, anamshushia mwavuli. Mume anapasua pazia, anamvamia panzi, na chumba cha projekta kinawaka moto. Mwisho mume na mke wako jela. Angalia mwenendo wa Bwana Mbawakawa: ni mzinzi mwenye fedha zake, huhitaji maandishi kukueleza. Na sinema ilikuwa changa bado, lakini tayari mtu huyu alikwisha kuona kwamba kamera inaweza kuvunja ndoa.

Aliongoza pia filamu za waigizaji hai, lakini tuziache. Baada ya mapinduzi ya Urusi ya 1917 alihamia Yalta, kisha Ufaransa, akatulia Fontenay-sous-Bois, karibu na Paris. Nyumba ikawa studio. Binti yake mdogo aliigiza kwa jina la Nina Star. Mkubwa, Irène, akawa mshirika wake wa kazi kwa miaka mingi. Pamoja walitengeneza filamu ndefu ya mbweha mjanja Renard. Picha zilikamilika mwaka 1930, lakini sauti ikaikwamisha, na ilionyeshwa mara ya kwanza Berlin mwaka 1937. Starewicz alifariki mwaka 1965. Vitabu vingi humwandika peke yake, ingawa kwenye filamu ile ya mbweha jina la Irène liko pale pale, kando ya la baba yake.