Ni nani aliyejitoa?

Magazeti yetu huandika kwamba Uingereza "ilijitoa" katika Umoja wa Ulaya. Kiambishi -ji- kinadai kuwa mtenda na mtendwa ni mmoja, na hapo ndipo neno linapoteleza. Katika kura ya Juni 2016, takriban asilimia 52 walitaka kutoka; Uskoti, kwa asilimia 62, ilitaka kubaki, na Ireland ya Kaskazini vilevile. Mwanasarufi atanijibu kwamba iliyotia saini ni dola, na dola ni moja. Kisheria, sawa. Lakini tazama bidhaa: tangu Januari 2021 Ireland ya Kaskazini imeendelea kufuata kanuni za bidhaa za soko la Ulaya, ili mpaka wake na Jamhuri ya Ireland usirudishiwe vizuizi. Basi shehena ya kutoka Liverpool kwenda Belfast, ndani ya dola ileile, ikahitaji makaratasi ya forodha. Makubaliano ya Windsor ya 2023 yaliyapunguza, hayakuyafuta. (Na jina "Uingereza", tunalolitumia kwa England na kwa dola nzima pia, linazidisha ukungu.) Ningeandika "ilitoka": kitenzi hicho kinataja mwendo tu, bila kutuapia ni nani aliyemtoa nani.